Maswali ya Wasomaji: Mageuzi ya Marekani, 1900 hadi 1920

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu miaka 20 ya mwanzo wa karne iliyopita, wakati Marekani ilipobadilisha namna ya kuchagua viongozi, kutoza kodi na kulinda wafanyakazi. Tumefurahi kuona kwamba wengi hamkuuliza nani alihutubia wapi. Mmeuliza mambo yalifanyikaje, na majibu yake yamo katika vifungu vidogo vya sheria ambavyo vitabu vya shule huvipita mbio.

SWALI: Nimesoma kwamba hadi 1913 maseneta wa Marekani walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Kubadilisha katiba kulihitaji theluthi mbili ya maseneta hao hao. Mtu anakataje tawi alilolikalia?

JIBU: Tuanze na utaratibu wenyewe. Sheria ya 1866 iliagiza kwamba Jumanne ya pili baada ya bunge la jimbo kuanza kazi, kila baraza lipige kura peke yake. Jina moja likipata wingi katika mabaraza yote mawili, seneta amepatikana. Wasipokubaliana, kesho yake saa sita mchana mabaraza yanakaa pamoja, na anayepata zaidi ya nusu ya kura za waliohudhuria ndiye mshindi. Ikishindikana tena, wapige angalau kura moja kila siku hadi mtu apatikane au kikao kiishe.

Balaa lilikuwa hapo mwisho: kikao kikiisha bila mshindi, kiti kinabaki wazi. Delaware ndiko mambo yalikoharibika zaidi. John Edward Addicks, tajiri wa biashara ya gesi, alikuwa na wabunge wa kutosha kuwazuia wengine wasishinde, lakini si wa kutosha kumpa ushindi yeye. Kiti cha kwanza kilikaa wazi kuanzia 1899, cha pili kuanzia 1901, na viti vyote viwili vikajazwa Machi 1903. Kwa miaka miwili jimbo zima halikuwa na seneta hata mmoja.

Balaa la pili lilikuwa rushwa. Anayetaka kununua kiti anahitaji kura za wabunge kadhaa tu, na anawajua kwa majina. William A. Clark, tajiri wa shaba wa Montana, alijiuzulu 1900 baada ya kamati ya Seneti kuona kwamba ushindi wake ulikuwa wa hongo. William Lorimer wa Illinois alipata kiti 1909, na Seneti ikaubatilisha uchaguzi wake Julai 1912.

Sasa hilo tawi. Ukweli ni kwamba lilianza kukatwa majimboni, na waliokata si maseneta. Oregon ilipitisha sheria ya uchaguzi wa mchujo mwaka 1904 na kuweka humo ahadi ya maandishi. Mgombea wa bunge la jimbo aliweza kutia saini Tamko la Kwanza: kwamba daima atampigia kura mtu aliyependekezwa na wananchi kuwa seneta, bila kujali chama. Au alitia saini Tamko la Pili: kwamba atayachukulia maoni ya wananchi kama ushauri tu. Hakulazimishwa kutia saini lolote. Ila wapiga kura waliliona tamko alilolichagua, na wengi waliokwepa la kwanza walikiona cha moto. Mtihani ulikuja Januari 1909: bunge la Oregon lenye Warepublican wengi lilimchagua George Chamberlain, Mdemokrati, kwa sababu wananchi walimtaka yeye na wabunge wengi walikuwa wamekwisha kutia saini.

Majimbo mengine yakaiga. Kila uchaguzi ukawa unaleta Washington maseneta ambao tayari walitegemea kura za wananchi, na hao hawakuwa na sababu ya kupinga. Shinikizo la pili ni kwamba katiba inayaruhusu majimbo, yakifika theluthi mbili, kudai mkutano mkuu wa kurekebisha katiba. Idadi ya majimbo yaliyodai ilikuwa ikipanda. Mkutano wa aina hiyo ungeweza kugusa mambo mengine yoyote, na maseneta wakaona heri wao wenyewe waandike kifungu kimoja kuliko kuliacha jambo mikononi mwa mkutano wasioudhibiti.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika. Rasimu iliyopita kwanza katika Baraza la Wawakilishi ingeiondolea serikali ya shirikisho mamlaka ya kusimamia uchaguzi wa maseneta. Wanasiasa wa Kusini waliitaka hivyo ili mtu yeyote asiwaingilie walipokuwa wakiwanyima Wamarekani Weusi kura. Seneta Joseph Bristow wa Kansas aliweka badala yake maneno yaliyoyaacha mamlaka hayo palepale, na mvutano juu ya sentensi hiyo ukala karibu mwaka mzima. Kongresi ilimaliza kazi Mei 1912, na marekebisho ya 17 ya katiba, yaliyowapa wananchi kura ya kuchagua maseneta moja kwa moja, yakatimiza idadi ya majimbo iliyohitajika 8 Aprili 1913.

SWALI: Wananchi wa Oregon walipata haki ya kutunga sheria wenyewe. Hatua zilikuwa zipi, na je, haki hiyo haikutekwa na wenye fedha?

JIBU: Marekebisho ya katiba ya Oregon ya 1902 yaliweka milango miwili. Mmoja ni wa kupendekeza sheria mpya. Unaandika muswada kamili, neno kwa neno, kisha unakusanya saini za wapiga kura wasiopungua asilimia 8 ya kura zilizopigwa kumchagua jaji wa mahakama ya juu ya jimbo katika uchaguzi uliotangulia, na unawasilisha kwa katibu wa jimbo miezi minne kabla ya uchaguzi. Mlango wa pili ni wa kuzuia sheria ambayo bunge limekwisha kuipitisha: saini ni asilimia 5, na muda ni siku 90 tangu kikao kilipofungwa. Sheria iliyopitishwa na wananchi gavana hana uwezo wa kuikataa.

Mtu wa kumkumbuka hapa ni William U'Ren, mwanasheria aliyetumia miaka mingi kuunganisha wakulima na wafanyakazi kudai jambo hili. South Dakota ilitangulia, 1898, lakini Oregon ndiyo iliyoitumia haki hiyo kwa bidii hata mfumo wote ukaitwa kwa jina lake.

Kipengele tunachokiona bora kuliko vyote ni kijitabu. Jimbo lilichapisha maandishi ya kila muswada pamoja na hoja za wanaounga mkono na wanaopinga, likamtumia kila mpiga kura aliyejiandikisha kwa posta. Waliotaka hoja zao ziingizwe walilipia kurasa zao. Mkulima aliye mbali na mji alipata maandishi yaleyale aliyoyapata mwanasheria wa Portland.

Matatizo yalijitokeza mapema. La kwanza ni wingi: mwaka 1910 wapiga kura walikuta mambo 32 ya kuamua, na mwaka 1912 yalikuwa 37, juu ya wagombea. Mtu makini akichoka huandika "hapana" kuanzia katikati ya karatasi hadi chini. La pili ni saini za kununua. Wakusanyaji walilipwa kwa kila saini, basi baadhi yao wakaandika majina ya watu waliokufa au waliohama. Malipo ya aina hiyo hualika udanganyifu, na ukaguzi ukifanywa baada ya karatasi kupokelewa huwa umechelewa. Kwa hiyo fedha ilipata pa kuingilia, lakini kuuteka mfumo wote haikuweza. Kampuni ya simu iliyotozwa kodi kwa sheria ya wananchi ya 1906 ilipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikidai kwamba jimbo linalotunga sheria hivyo si jamhuri tena. Mwaka 1912 mahakama ilijibu kwamba hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Kongresi.

Haki ya tatu, ya kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake, Oregon iliiongeza 1908. Ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa, hasa ilipogusa majaji. Agosti 1911 Rais Taft alikataa kuipokea Arizona kuwa jimbo kwa sababu katiba yake iliruhusu wananchi kumwondoa jaji. Arizona ikakifuta kifungu hicho, ikapokelewa 14 Februari 1912, na Novemba ya mwaka huohuo wananchi wake wakakirudisha.

SWALI: Kila habari ya moto wa kiwanda cha Triangle hutaja mlango uliofungwa. Je, ni mlango mmoja tu ulioua watu 146? Na sheria zilizofuata zilidai nini hasa?

JIBU: Mlango ule uliua wengi, lakini haukuwa peke yake. Ili kuelewa inabidi kulipitia jengo ghorofa kwa ghorofa. Hapa tunafuata hesabu ya Kimarekani, ambayo inaanzia na ghorofa ya chini kabisa kuwa ya kwanza.

Triangle ilishona blauzi za kike katika ghorofa za 8, 9 na 10 za jengo la Asch, New York, ambalo lilikuwa na ghorofa 10. Jumamosi, 25 Machi 1911, saa kumi na dakika arobaini hivi alasiri, moto ulizuka ghorofa ya 8 katika sanduku la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya wakataji. Humo mlikuwa na pamba nyepesi, na juu ya meza zilining'inia karatasi laini za vielelezo vya kukatia. Inaaminika kiberiti au kipande cha sigara ndicho kilichowasha. Waliokuwa ghorofa ya 8 wengi walitoka. Kwa simu waliwaarifu watu wa ofisi, ghorofa ya 10, nao wakapanda paani wakaokoka karibu wote. Ghorofa ya 9, iliyojaa cherehani na washonaji, hakuna aliyeiarifu. Walijua walipouona moto.

Walikuwa na njia nne. Ngazi za upande wa mtaa wa Greene zilizibwa na moto mapema. Mlango wa upande wa Washington Place ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kiwanda walitaka kila mfanyakazi atokee mahali pamoja ambapo mkoba wake unakaguliwa. Lifti zilipanda na kushuka mara kadhaa kisha zikashindwa. Ngazi ya chuma ya dharura, moja tu, nyuma ya jengo, ilipinda kwa joto na uzito ikaanguka na watu. Zimamoto walifika upesi, lakini ngazi zao ziliishia ghorofa ya 6, na nyavu za kuwadakia waliojirusha zilipasuka. Waliokufa ni wanawake na wasichana 123 na wanaume 23, wengi wao wahamiaji Wayahudi na Waitaliano.

Kinachouma zaidi ni kwamba mengi kati ya hayo yalikuwa halali. Sheria ya New York iliagiza milango ya viwanda ifunguke kwa nje "pale inapowezekana". Ngazi za Asch zilikuwa nyembamba, kibaraza cha mbele ya mlango hakikutosha mlango kufunguka, basi ikahesabiwa kwamba haiwezekani, na milango ikafunguka kwa ndani, ikielekea kwenye umati unaousukuma. Majengo yaliyozidi futi 150 yalitakiwa yawe na sakafu za mawe au chuma. Asch lilikuwa na futi 135, likaruhusiwa mbao. Mabomba ya dari yanayomwaga maji yenyewe yakipata joto hayakuwa ya lazima. Na ukaguzi uligawanywa kati ya idara ya majengo, idara ya zimamoto na idara ya kazi, kila moja ikiona kipande chake. Jengo lenyewe lilijengwa lisishike moto, na kweli lilisimama. Lipo hadi leo, ni mali ya Chuo Kikuu cha New York.

Kufungia mlango wafanyakazi, hilo halikuwa halali. Wamiliki, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Wazee wa baraza, yaani raia waliokaa na jaji kuamua kesi, walitakiwa waridhike kwamba wao wenyewe walijua mlango umefungwa saa ileile. Desemba 1911 waliachiwa.

Juni 1911 jimbo liliunda Tume ya Uchunguzi wa Viwanda, mwenyekiti Robert Wagner na makamu wake Al Smith, wote watu wa Tammany Hall, chama cha wakubwa wa jiji ambacho wanamageuzi walikuwa wakikilaani. Nguvu ya tume ilikuwa katika mambo mawili: iliweza kumlazimisha mtu aje kutoa ushahidi, na ilikwenda viwandani yenyewe. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule kwa macho na baadaye akawa Waziri wa Kazi, aliwapeleka wanasiasa wale wakaone kwa macho yao jinsi watu wanavyofanya kazi.

Hadi 1914 zaidi ya sheria 30 zilikuwa zimepita. Mlango usifungwe wakati wa kazi, na njia ya kuufikia isizibwe. Mabaki ya vitambaa yawekwe katika vyombo visivyoungua na yaondolewe jengoni. Kuvuta sigara kiwandani marufuku. Mazoezi ya kutoka wakati wa moto yawe ya lazima penye wafanyakazi zaidi ya 25 juu ya ghorofa ya chini. Mabomba ya dari yawekwe katika majengo marefu yenye wafanyakazi wengi ghorofa za juu. Kisha likaja jambo tunaloliona kubwa kuliko hayo yote: mwaka 1913 iliundwa bodi yenye mamlaka ya kuandika kanuni za kina. Kipimo cha ngazi au aina ya kitasa kikionekana hakifai, bodi ilirekebisha yenyewe. Haikuhitaji kungoja bunge, na neno "inapowezekana" likakosa pa kujificha.

SWALI: Familia za waliokufa Triangle zililipwa nini? Hapakuwa na sheria ya fidia?

JIBU: Ilikuwapo, na ilikufa siku moja kabla ya moto. New York ilipitisha sheria ya lazima ya fidia kwa kazi za hatari mwaka 1910. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo, katika kesi ya Ives, iliifuta ikisema kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Viwanda vya nguo havikuwa hata katika orodha ya kazi hizo, lakini hukumu hiyo inaonyesha hali ilivyokuwa.

Bila sheria hiyo ilibidi aliyeumia aende mahakamani, na mwajiri alikuwa na ngao tatu. Akionyesha kwamba mfanyakazi mwenyewe alizembea hata kidogo, kesi imekwisha. Akionyesha kwamba kosa ni la mfanyakazi mwenzake, imekwisha. Akionyesha kwamba hatari ilijulikana na mtu akaendelea na kazi, alikubali hatari hiyo mwenyewe, nayo imekwisha. Familia za Triangle zilizoshtaki zilipata mwaka 1914 dola 75 kwa kila aliyekufa. Wamiliki walikwisha kulipwa na bima fedha zilizozidi hasara waliyoweza kuithibitisha.

New York ilirekebisha katiba yake Novemba 1913 na kupitisha sheria mpya iliyoanza kulipa 1914: theluthi mbili ya mshahara, na swali la nani alikosea halikuulizwa tena. Wisconsin ilikuwa imetangulia 1911, ikakwepa mahakama kwa ujanja halali: mwajiri alikuwa huru kujiunga au kutojiunga na mpango, lakini asiyejiunga alipokonywa sehemu kubwa ya ngao zile akishtakiwa. Wenye viwanda wakajiunga. Jimbo la mwisho kabisa kuwa na sheria ya namna hii ni Mississippi, 1948.

SWALI: Kwa nini sheria ya kupiga marufuku ajira ya watoto ilishindwa mara mbili?

JIBU: Kwa sababu Kongresi haikuwa na mamlaka ya moja kwa moja juu ya viwanda, ikabidi ipite mlango wa pembeni. Sheria ya Keating-Owen ya 1916 haikumkataza mtu kuajiri mtoto. Ilikataza kuvusha mpaka wa jimbo bidhaa za kiwanda kilichoajiri walio chini ya miaka 14, au machimbo yaliyoajiri walio chini ya 16. Wenye miaka 14 na 15 wasizidi saa 8 kwa siku na siku 6 kwa wiki, wala wasifanye kazi baada ya saa moja jioni au kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Ilianza 1 Septemba 1917, ikasimamiwa na Ofisi ya Watoto iliyoongozwa na Julia Lathrop. Ugumu wa kwanza wa wakaguzi ulikuwa umri. Majimbo mengi ya Kusini hayakuandikisha vizazi, na kiapo cha mzazi kilitosha, kwa hiyo mtoto wa miaka 11 alikuwa na karatasi ya miaka 14. Wakaguzi walitafuta tarehe iliyoandikwa katika Biblia ya familia, bima au cheti cha ubatizo. Lewis Hine, mpiga picha aliyeajiriwa na Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto mwaka 1908, alijua kila kifungo cha koti lake kiko juu kiasi gani kutoka chini. Alisimama karibu na mtoto, akaangalia kichwa kinafika kifungo kipi, akaandika mfukoni kimo chake bila msimamizi kujua.

Roland Dagenhart, aliyefanya kazi pamoja na wanawe wawili katika kiwanda cha pamba huko Charlotte, North Carolina, alifungua kesi akidai sheria inamnyima mapato ya watoto wake. Nyuma yake walikuwapo wenye viwanda. Tarehe 3 Juni 1918 Mahakama Kuu, majaji watano dhidi ya wanne, ilisema nguo yenyewe haina madhara ikisafirishwa, na namna ilivyotengenezwa ni shauri la jimbo. Sheria ilikuwa imeishi miezi tisa. Mwaka 1919 Kongresi ikajaribu kodi: asilimia 10 ya faida ya kiwanda kinachoajiri watoto. Mwaka 1922 mahakama ikasema hiyo ni adhabu iliyovikwa nguo za kodi. Marekebisho ya katiba yalipita Kongresi 1924 lakini majimbo ya kutosha hayakuyakubali. Marufuku iliyodumu ilikuja 1938, na mahakama ikaiunga mkono 1941 na kuitangua rasmi hukumu ya 1918.

SWALI: Ndugu wahariri, mnasifu kupanuka kwa demokrasia. Wamarekani Weusi walikuwa wapi?

JIBU: Walikuwa wakitolewa katika madaftari ya wapiga kura miaka ileile, na wengi waliofanya hivyo walijiita wanamageuzi, wakidai wanasafisha uchaguzi. Katika Louisiana, Weusi waliojiandikisha walikuwa 130,334 mwaka 1896. Mwaka 1900, baada ya katiba mpya ya 1898, walikuwa 5,320. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Hakuna sifa ya kipindi hiki inayostahili kusomwa bila takwimu hizo pembeni yake.

Zana hazikutaja rangi. Kodi ya kichwa ililipwa miezi mingi kabla ya uchaguzi, na risiti ikipotea kura imepotea. Mtihani wa kusoma ulisimamiwa na karani Mzungu ambaye alichagua swali na kuamua jibu. Wazungu wasiojua kusoma waliokolewa na kifungu cha babu: ikiwa baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kura 1 Januari 1867, mtihani haukuhusu. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, kwani wakati huo Weusi wa Louisiana walikuwa bado hawajapewa kura. Na uchaguzi wa mchujo, ule ule uliowapa wananchi wa Oregon sauti, Kusini uliwekewa sharti kwamba wanachama wawe Wazungu. Huko chama kilikuwa kimoja tu chenye uwezo wa kushinda, kwa hiyo aliyefungiwa nje ya mchujo alikuwa amefungiwa nje ya uchaguzi.

NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, iliundwa 1909, na moja ya kazi zake za mwanzo mahakamani ilikuwa kuunga mkono kesi ya Guinn dhidi ya kifungu cha babu cha Oklahoma. Mahakama Kuu ilikifuta 1915. Tazama jibu la Oklahoma: mwaka 1916 ilitunga sheria kwamba aliyepiga kura 1914 anahesabiwa amejiandikisha, na wengine wote wajiandikishe kati ya 30 Aprili na 11 Mei, atakayeikosa nafasi hiyo ya siku 12 hatajiandikisha tena maisha yake yote. Hila hiyo ilidumu hadi 1939.

Washington nako, serikali ya Woodrow Wilson, iliyoleta mageuzi ya benki na kodi, ilianza 1913 kuwatenga makarani Weusi katika ofisi za umma, na kuanzia 1914 mwombaji kazi alitakiwa aambatishe picha. Hata kura ya wanawake ya 1920 ilimkuta mwanamke Mweusi wa Kusini mbele ya karani yuleyule na mtihani uleule.

SWALI: Kodi ya mapato ya 1913 ilimgusa mfanyakazi wa kawaida?

JIBU: Hapana. Marekebisho ya 16 ya katiba, yaliyoiruhusu kodi hiyo, yalipita Februari 1913, na sheria ya Oktoba iliweka asilimia 1 kwa mapato yaliyozidi dola 3,000 kwa mwaka, au 4,000 kwa wenye ndoa. Ford alipotangaza dola 5 kwa siku Januari 1914 dunia ilishangaa, na bado mshahara huo ulifikia kama dola 1,500 kwa mwaka, nusu ya kiwango cha kuanzia kulipa.

Kwa waliolipa, kulikuwa na nyongeza ya asilimia 1 kwa mapato yaliyozidi 20,000, ikipanda hatua kwa hatua hadi asilimia 6 juu ya 500,000. Mwenye ndoa aliyepata 25,000 alihesabu hivi: toa 4,000, inabaki 21,000, asilimia 1 ni dola 210, kisha 5,000 zilizozidi 20,000, asilimia 1 ni 50. Jumla dola 260. Fomu ilirudishwa kabla ya 1 Machi 1914, na kwa kuwa mwaka wa kwanza ulihesabiwa kuanzia Machi tu, kiwango cha msamaha kilipunguzwa hadi 2,500 na 3,333.33.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadilisha hesabu: 1917 msamaha ulishushwa hadi dola 1,000 kwa asiye na ndoa na 2,000 kwa mwenye ndoa, na 1918 kiwango cha juu kabisa kilifika asilimia 77. Wapinzani wa pombe waliona mapema kwamba kodi ya mapato ingeweza kuchukua nafasi ya ushuru wa pombe. Kabla ya kodi hii serikali ilitegemea ushuru wa pombe kwa karibu theluthi moja ya mapato yake, na mbunge aliyeulizwa fedha itatoka wapi hakuwa na jibu. Baada ya 1913 jibu lilipatikana, na marufuku ya pombe ikaingia katika katiba Januari 1919.